Uniti Ishirini na Mbili

Mikono ya Othmar ilikuwa mikono ya jembe. Vidole vilikuwa vinene, kucha zimeingia rangi ya kahawa isiyotoka kwa sabuni, na viganja vilikuwa vigumu hivi kwamba aliweza kuokota kaa la moto lililodondoka na kulirudisha mafigani bila haraka. Huko kwao upande wa Mkumbi watu walimjua kwa ngoro zake, yale mashimo ambayo Wamatengo huyapanga mteremkoni kama sega la nyuki ili mvua isiondoke na udongo. Za kwake zilinyooka hata Padri aliwahi kusimamisha pikipiki barabarani, akazitazama, akaendelea na safari. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliwahi kupanda juu ya paa la kanisa wakati wa upepo kupigilia bati lililofunguka. Aliwahi kumtoa nyoka stoo kwa fimbo fupi. Lakini kila siku mara mbili, mkewe alipoichukua ile sindano ndogo yenye kifuniko cha rangi ya chungwa, Othmar alikumbuka kwamba mbuzi hawajafungwa vizuri, akatoka nje.

Hakuna aliyemsema kwa hilo, kwa sababu Eunice alikuwa akiiweza kazi hiyo. Eunice alikuwa Mnyasa wa Liuli, binti wa wavuvi, aliyepanda milimani miaka mingi iliyopita na magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani, akauza usipa, akabaki. Yeye ndiye aliyelala hospitali na binti yao wa mwisho, Lidia, mtoto alipokuwa na miaka tisa. Lidia alikuwa ameanza kunywa maji bila kukata kiu, kukojoa kitandani, na kukonda mpaka mifupa ya mabega ikachomoza kama ya kifaranga, na asubuhi moja alishindwa kuamka. Daktari aliwaeleza kwamba mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Hii siyo sukari ya wazee inayotulizwa kwa vidonge, alisema. Atachomwa asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake. Othmar naye alikuwepo chumbani siku ile, na aliuliza swali moja tu: akikosa je? Daktari akamjibu kwamba akikosa siku moja ataugua, na siku mbili tatu wasizijaribu. Jibu lile Othmar alilibeba miaka miwili, na kila sindano ilipotoka kwenye pakiti yake alilisikia upya.

Mwezi wa sita, kahawa ilipoanza kuiva, simu ikaja kutoka ziwani. Mama yake Eunice alikuwa amepooza upande mmoja na hakuna wa kumgeuza kitandani. Eunice ilibidi ashuke, na hakujua atakaa wiki ngapi.

Jioni ya kabla ya safari alimkalisha mumewe kwenye kigoda, akampa sindano yenye maji ya kawaida na chungwa. Othmar alilichoma lile chungwa mara saba. Lidia alikuwa pembeni, mikono kiunoni, akimtazama kama mwalimu wa mazoezi.

“Baba, hulimi. Hiyo siyo ngoro,” alisema.

Wote wakacheka, hata Othmar, ingawa shati lilikuwa limelowa mgongoni. Kisha ikawa zamu ya paja la Lidia, na Lidia akasema hata hakusikia. Alisikia. Othmar aliona jinsi vidole vya miguu vilivyojikunja.

Eunice alimtajia yote polepole. Asubuhi uniti kumi na nne, jioni saba. Chupa uiviringishe viganjani, usiitikise. Pima kwanza, choma, halafu ale ndani ya nusu saa. Mfukoni mwa sweta yake isikosekane sukari kidogo iliyofungwa kwenye nailoni, na ukiona anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Mwisho akamwonyesha chungu. Alikuwa ameweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati akajaza mchanga, na mchanga huo aliulowesha kila siku. Ndivyo alivyofundishwa na jirani wa kwao Liuli, ambako hata kivulini chuma hakishikiki mchana. Akasema dawa hii joto huiua, ikae humu. Othmar akaitikia. Masikio yalisikia, lakini akili ilikuwa bado kwenye ncha ya sindano.

Siku nne za kwanza zilikwenda salama. Mashine ya kupimia ilisoma saba, nane, mara moja tisa, na Othmar aliziandika namba hizo kwenye daftari kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Mikono yake ilianza kuzoea. Lakini kila alipomaliza kuchoma alikaa chini dakika nzima akijifanya anatafuta kifuniko.

Mama yake aliyaona yote hayo. Bibi Asteria alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na jiko lake lilikuwa hatua ishirini kutoka nyumba kubwa. Mjukuu wake alimwita mke mwenza, kwa utani wa kwao, na wivu wao wa uongo juu ya marehemu babu ulikuwa burudani ya nyumba. Bibi huyo hakupenda kumwona mwanawe akihangaika na vyungu na chupa. Siku ya tano akamwambia kwamba kijana mwenye mikono ya jembe asibebeshwe kazi mbili.

“Wewe choma tu,” alisema. “Kuleta na kurudisha niachie mimi.”

Othmar alishukuru. Tangu siku hiyo chupa ililetwa na mama yake asubuhi na jioni, imefunikwa kwa kitambaa safi cha altareni alichowahi kupewa na masista, na ikirudishwa vilevile. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeshuka sawasawa. Ukungu ulilala mabondeni mpaka saa nne, na watu walichuma kahawa wakiwa na makoti. Chupa ilimfikia mkononi ikiwa vuguvugu. Alidhani ni joto la kiganja cha mama yake, na hata lilimfariji.

Siku ya saba mashine ilisema kumi na tatu. Siku ya nane, kumi na sita. Siku ya kumi, kumi na tisa.

Lidia akaanza tena kunywa maji. Alikunywa kikombe, akarudi, akanywa kingine, akitazama pembeni ili baba yake asihesabu, naye akahesabu. Uso ulipungua. Akiinama kuokota kahawa, mifupa ile ya mabega ilionekana tena chini ya sweta, na Othmar alipoiona aligeuka akatazama bonde kwa muda mrefu. Kila mtoto alipomkaribia alinusa pumzi yake kwa siri, akitafuta ile harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi aliyoisikia hospitali miaka miwili iliyopita. Hakuipata, lakini kutoipata hakukumtuliza. Alijiambia kwamba pengine pua yake imeziba kwa baridi.

Alimpigia Sista Luisa, muuguzi wa kliniki ya sukari mjini Mbinga, mtu wa maneno machache. Sista aliuliza mtoto anakula nini. Akauliza kama anachomwa kwa wakati. Akauliza dawa inakaa wapi, na Othmar akajibu bila kusita: kwenye chungu, Sista, kama mama yake alivyoiacha. Basi Sista akasema wapandishe, uniti kumi na sita asubuhi, na baada ya siku mbili kumi na nane. Watoto wakikua dawa nayo hukua. Lakini Jumatatu amlete amwone mwenyewe, na akitapika hata mara moja asisubiri Jumatatu.

Kumi na nane haikushusha kitu. Alhamisi mashine ilisoma ishirini na moja. Othmar alisimama na sindano mkononi akiitazama ile mistari myembamba kama nywele, na alichofanya hakumwambia mtu. Alivuta hadi ishirini. Kesho yake, ishirini na mbili. Aliona pia punje ndogo nyeupe zimeshikamana na kioo ndani ya chupa, kama baridi iliyoganda kwenye majani, akaviringisha chupa mpaka zikafichika. Kisha akatia mkono mfukoni mwa sweta ya Lidia, akaitoa ile sukari iliyofungwa kwenye nailoni, akaenda kuimwaga jalalani. Mtoto ana sukari ishirini na moja mwilini, nyingine ya mfukoni ya nini?

Eunice alipopiga simu kutoka Liuli kuuliza namba, Othmar alimwambia nane. Upande wa pili alisikia kuku, watu wakisalimiana Kinyasa, na mkewe akivuta pumzi kwa nafuu. Alikata simu akakaa nayo gotini. Hakuwahi kumdanganya kwa jambo kubwa kuliko bei ya mbolea.

Ijumaa alikwenda mjini kuchukua chupa mpya, kwa kuwa siku za ile ya zamani zilikuwa zinakwisha. Sista Luisa alikuwa kwenye semina. Aliyekuwepo dirishani alisoma kadi, akampa boksi, akamwita anayefuata. Othmar alirudi jua linazama. Mama yake alikuwa jirani, kwenye sala za jumuiya, kwa hiyo boksi alilifungua mwenyewe na chupa akaiweka mwenyewe chunguni, katika giza la stoo, bila kugusa mchanga. Jioni ile alimalizia tone la chupa ya zamani, ambayo mama yake alikuwa amemwachia mezani ndani ya kitambaa. Asubuhi ya Jumamosi aliitoa mpya. Ilikuwa baridi kama maji ya kisimani, na dawa yake, nyeupe kama maziwa, ilikuwa laini bila punje hata moja. Akaiviringisha viganjani. Mashine ilikuwa imesema kumi na saba. Akavuta ishirini na mbili, akachoma, na Bibi Asteria aliyekuwa akisubiri na kitambaa chake akaichukua kuirudisha.

Lidia alikunywa uji wa karanga, bakuli zima, wakashuka shambani wawili.

Siku hiyo ukungu uliondoka mapema. Kwenye saa nne jua lilikuwa limeshika mteremko wote, na mibuni ilikuwa myekundu. Lidia alichuma mstari wa chini akiimba kwa sauti ndogo. Kisha akanyamaza. Othmar alipotazama kikapu chake aliona kahawa mbichi zimechanganyika na mbivu, kijani kwa nyekundu, kazi ambayo mtoto yule hakuifanya hata akiwa na miaka sita.

“Mbivu tu, mwanangu.”

Lidia akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu kisicho na sababu, na kilipokwisha alikipiga kikapu teke, kahawa zikatawanyika ndani ya ngoro.

“Nyamaza wewe,” alimwambia baba yake.

Katika nyumba ile mtoto hajawahi kusema neno kama hilo. Othmar alipandwa na hasira, akapiga hatua mbili kumfuata, na hatua ya tatu haikwenda. Nywele za Lidia zilikuwa zimelowa. Jasho lilimtiririka kwenye paji la uso hadi kidevuni, ilhali upepo ulikuwa bado wa baridi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa akimtazama baba yake kama anayetazama mtu asiyemfahamu, na huo mtazamo ndio uliomkata Othmar maini.

Akili yake ilikuwa na wazo moja la wiki mbili, na likamjia hilohilo: sukari imepanda mpaka kichwani. Ishirini na mbili haikutosha. Akamnyanyua mtoto begani akaanza kupanda mteremko, akiruka kingo za ngoro, miguu ya Lidia ikimgonga tumboni. Alikuwa anaikimbilia sindano. Kichwani alikuwa ameshavuta uniti nyingine kumi.

Katikati ya mteremko ndipo palipokuwa na mashine ya kumenyea kahawa, na jirani yao Cleopa alikuwa akizungusha mpini wake peke yake. Alipowaona aliacha mpini ukazunguka wenyewe.

“Baba Lidia, vipi huyo?”

Othmar alisema sukari imepanda, anampeleka kumchoma. Alitaka kupita. Cleopa akasimama njiani, mtu mfupi mwenye tumbo, akauliza kama amempima. Mashine ya kupimia ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Othmar. Hakuwa ameikumbuka. Walimlaza Lidia juu ya gunia, na vidole vya Othmar vikashindwa kuushika ule ukanda mwembamba wa kupimia, ukaanguka, akaokota mwingine. Tone la damu lilitoka. Mashine ikahesabu, na hesabu ile ilikuwa ndefu kuliko misa.

“Ishirini na moja,” Othmar alisema. “Nilijua. Niache nipite.”

Cleopa aliichukua mashine akaisogeza karibu na uso. Hakuwa msomi, lakini alikuwa mtulivu.

“Hapa kuna nukta, ndugu yangu. Mbili, nukta, moja.”

Othmar aliitazama nukta. Ilikuwa ndogo kama kinyesi cha nzi, na ilimaanisha sukari imeshuka mno. Kilichomshukia hapo hakikuwa hofu aliyoizoea ya wiki mbili, ile ya kusubiri na kunusa. Kilikuwa kitu kisicho na chini. Alikuwa amebakiza hatua mia kufika nyumbani kumchoma mtoto uniti kumi zaidi. Sauti ya mkewe ikamjia, sukari kwanza, maswali baadaye, na mkono wake ukaingia wenyewe kwenye mfuko wa sweta ya Lidia. Mfuko ulikuwa mtupu. Akakumbuka jalala.

Alifungua mdomo amwambie Cleopa akimbie nyumbani, lakini Cleopa alikuwa ameshainama kwenye kapu lake na kutoa chupa ya chai. Kijiji kizima kilimcheka mtu huyo kwa chai yake. Mkewe alisema mumewe hanywi chai yenye sukari, anakunywa sukari yenye chai, na kwamba akifa wachimbaji wa kaburi watafuata nyuki. Akamimina kwenye kifuniko, akapuliza, akaonja kwa mdomo wake kuona kama haiunguzi.

Othmar alimwinua Lidia akamwegemeza kifuani. Meno yake yalikuwa yameumana. Alimwita kwa jina lake, kisha kwa majina ya utotoni ambayo hakuyatamka miaka mingi, na mdomo ukafunguka kidogo. Chai ikaingia kidogo, nyingine ikamwagika shingoni. Akameza. Othmar alilisikia lile funda likishuka kama mtu anavyosikia mlango ukifunguliwa. Kifuniko cha kwanza, cha pili, nusu ya tatu. Cleopa alikuwa amepiga magoti akisali Kimatengo, haraka haraka, akikosea na kurudia mwanzo.

Dakika zikapita. Jasho la Lidia lilianza kukauka. Rangi ilirudi mdomoni, ikapanda mashavuni. Aliangaza macho, akamwona baba yake, akamtambua, na Othmar akajua ametambuliwa.

“Chai ya nani hii?” Lidia aliuliza. “Inanata.”

Cleopa alicheka huku anajifuta pua kwa mkono wa shati. Othmar hakuweza kucheka. Alipima tena, akaitafuta nukta kwanza: nne nukta nane. Kisha akamnyanyua tena begani, akaanza kupanda.

Nyumbani walimpa ugali na maharage, na Lidia alikula kama aliyetoka safari. Othmar akampigia Sista Luisa. Safari hii alisema yote: ishirini, ishirini na mbili, sukari iliyomwagwa. Sista akauliza nini kimebadilika leo. Hakuna, alisema Othmar. Kisha akasema chupa ni mpya.

“Na ile ya zamani,” Sista aliuliza, “ilikaa wapi hasa? Uliona kwa macho yako?”

Othmar alitoka na simu sikioni hadi stoo. Alifunua chungu. Kilikuwa kitupu, na mchanga katikati ulikuwa mkavu unaopepea. Hakuna aliyeutia maji kwa wiki nzima na zaidi.

Mama yake alikuwa jikoni kwake akipepeta maharage. Akamuuliza dawa iko wapi. Bibi Asteria aliinuka kwa furaha ya mtu anayeulizwa jambo alilolifanya vizuri, akaonyesha juu kwa ungo. Juu ya mafiga, chini ya paa, palikuwa na uchaga mweusi wa moshi, na huko ndiko kulikoning'inia mahindi ya mbegu. Kila nyumba pale milimani huweka mbegu juu ya moto. Moshi hufukuza wadudu, joto hufukuza unyevu, na kitu ambacho nyumba haiwezi kukipoteza ndiko kinakolala. Katikati ya mahindi hayo, imeviringishwa kitambaa cha altareni, ilikuwepo chupa.

“Kile chungu ni cha watu wa ziwani,” alisema. “Huko kwao joto. Hapa nilishika dawa ya mtoto nikaikuta baridi kama mguu wa maiti, nikasema hii itakufa. Nikaiweka na mbegu.”

Sista alikuwa bado kwenye simu, amesikia kila neno. Alimweleza Othmar bila kupandisha sauti. Moto ule uliimaliza chupa ya zamani kidogo kidogo, ndiyo maana namba zilipanda. Wakaongeza dawa iliyokufa. Leo ikaja iliyo hai, kwa kipimo cha ile iliyokufa.

Othmar alisimama akimtazama mama yake, na mama yake akautazama uso wake, na furaha ikamtoka mzee yule taratibu. Hakuwa mjinga. Aliuweka ungo chini.

“Nimefanya nini, Othmar?”

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mabaya, na yangekuwa ya kweli. Lakini aliikumbuka chupa vuguvugu kiganjani, asubuhi na jioni, siku zote zile. Aliambiwa joto huiua. Aliambiwa yeye, siyo mama yake, na hakumwambia mama yake neno. Alisema dawa hii haipendi moto, Mama, na mimi ndiye niliyekuwa naijua habari hiyo. Alisema Lidia yuko hai, amekula. Bibi Asteria alikaa chini palepale penye maharage, akajifunika uso kwa khanga, na Othmar akapanda juu ya kigoda kuitoa chupa.

Ilikuwa na joto. Imekaa pale tangu asubuhi. Alimuuliza Sista kama nayo imekufa, na Sista akasema saa chache kwa kawaida haziiui, ila haapi. Kesho asubuhi waje mjini na mtoto, watapewa nyingine. Lakini jioni ya leo lazima achomwe, kwa sababu bila dawa kabisa hawezi kukaa. Apewe tano tu. Sukari ikipanda huwapa muda wa kutosha kufika kwangu, Sista alisema. Ikishuka haiwapi muda. Tukosee upande wa kupanda.

Hivyo mchana wote Othmar alikaa na saa ya jioni mbele yake kama anayesubiri kuhukumiwa. Alilowesha mchanga, akaweka chupa. Alifunga sukari kwenye nailoni tatu, moja kwa kila mfuko wa nguo za Lidia. Lidia mwenyewe alikuwa ameshaanza kumtania bibi yake kwa kulia kama mtoto, akimwambia mke mwenza ukilia hivyo babu atakuona mzee, na bibi akazidi kujifuta macho.

Saa kumi na mbili kasoro, Othmar alimpigia mkewe. Aliogopa kuchoma, na aliogopa zaidi kuchoma huku Eunice akiamini nane. Alimweleza kuanzia chupa vuguvugu hadi nukta. Hakujitetea. Alipofika kwenye mfuko mtupu wa sweta, alilitaja na jalala. Upande wa pili hakukuwa na kuku wala salamu.

“Uliniambia nane,” Eunice alisema mwishowe.

“Niliogopa, Mama Lidia.”

“Na mimi nalala nikiogopa kila siku. Hukuwahi kuniuliza. Sasa hivi ngapi?”

Othmar alipima, akaitafuta nukta. Kumi na moja nukta mbili.

“Sista amesema uniti ngapi?”

“Tano.”

“Nisomee kwenye sindano.”

Alivuta, akaigeuzia dirishani penye mwanga wa mwisho, akaihesabu mistari kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka tano. Bibi Asteria alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. Othmar alimwita. Akamwambia, Mama, mshike mjukuu wako mkono, na mzee akaja polepole, akakaa, akaushika mkono wa Lidia kwa mikono yake miwili.

Akachoma. Vidole vya miguu vya Lidia vikajikunja. Alipoitoa sindano hakuna aliyejua kama kilichoingia kilikuwa dawa au maji, au kama kilikuwa dawa kupita kiasi. Hilo lingejulikana baadaye, kwa namba, na namba zilikuwa bado hazijafika. Othmar aliitazama ile simu juu ya meza, akashindwa kuikata, na Eunice naye hakuikata.

“Chakula kipo?” Eunice aliuliza.

“Kipo.”

“Mpe. Halafu simu isogeze karibu na sahani.”

Othmar akaisogeza. Lidia alimega ugali, akauchovya kwenye mboga, akautia mdomoni. Nje kulikuwa kunaingia baridi. Baba na bibi walikaa pande mbili za meza, na kule chini ziwani mama alikuwa bado kwenye simu, wote watatu wakimsikiliza mtoto akitafuna.